Gari la Wakfu

Zuhura alikuja siku ya khitma ya ndugu yangu Athman. Alipanda ngazi zetu za Kibokoni polepole, akipumzika kila vidato viwili, na alipofika juu alinishika mikono yote miwili akasema makiwa, kama walivyosema wote. Kisha akakaa kando yangu jamvini, akainamisha kichwa. Wanawake walikuwa wakipitisha sinia za mahamri na birika za kahawa, na nikadhani anasoma Yasini moyoni mwake. Kumbe alikuwa akitafuta njia ya kuuliza. "Aziza," akaninong'oneza, "gari lipo?" Nikamwambia lipo, litakwenda wapi.

Waliokuja kutupa pole walikuwa wengi, na wote waliuliza juu ya ugonjwa wake, aliumwa wapi, alisema nini mwisho, alimeza maji au hakumeza. Zuhura peke yake aliuliza gari. Wanaume waliokaa barazani nao walikuwa wakilitaja, lakini wao swali lao lilikuwa jingine: sasa msimamizi wake nani? Athman alikuwa msimamizi wa lile gari tangu ujana wake mpaka alipokufa, na mwanawe hawezi kulichukua kama achukuavyo saa ya babake, kwa sababu halirithiwi. Haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi. Limo katika ghala la chini ya nyumba yetu, matairi yamelala, na sisi tuliolala juu yake miaka yote hii hatuna amri nalo hata ya kulisogeza kwa nia ya kulitupa. Mtaliano mmoja wa Malindi aliwahi kuja kulitaka. Alipoliona alishika kifua. Athman akamwambia haliuzwi. "Basi nipe," akasema yule mzungu kwa mzaha. Halitolewi. "Ukifa je?" Halirithiwi. "Sasa ni la nani?" La Mungu, Athman akamwambia, na yule mtu akadhani ni maneno ya biashara, akaongeza bei. Athman alinihadithia hayo huku akicheka, kisha akaacha kucheka ghafla kama ilivyokuwa desturi yake, akaenda kulipangusa vumbi.

Ni gari la Kitaliano, la milango miwili, pua ndefu, mgongo umeshuka kama wa paka anayenyemelea, rangi ya damu ya mzee. Aliyelileta alikuwa mjenzi wa kwao, aliyekuja kujenga mahoteli ya pwani ya kaskazini. Lilishushwa melini kwa winchi, likaning'inia juu ya maji, na Baba alitwambia kwamba makuli waliacha magunia wakasimama kulitazama. Yule mjenzi hakukaa nalo sana. Kazi ilipokwisha alirudi kwao, akaliacha kwa daktari mmoja wa Kihindi wa Ganjoni, mtu mpole aliyeliendesha Jumapili tu, kwenda Laithausi kupunga upepo na kula mihogo ya kukaanga. Mke wa daktari hakulipenda, kwani kila akishuka sari yake ilinasa mlangoni na watu wote waliokuwa wakila mihogo wakageuka. Baba alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, karakana yake iko Mbaraki karibu na gati. Viti vya lile gari alivishona kwa Mtaliano, akaja akavishona tena kwa daktari, na kila alipoingia kufanya kazi alivua viatu. Daktari alipowafuata wanawe ng'ambo alimwachia Baba ufunguo. Alimwambia, "Fundi Seif, watu wengi walilisifu gari hili, ni wewe tu uliyelivulia viatu." Kila mmoja katika hao alibakisha kitu ndani yake. Mtaliano alibakisha alama ya gundi mbele ya usukani, alipokuwa amebandika sanamu ya mtakatifu wake. Daktari alibakisha harufu ya kafuri ambayo haijatoka hata leo. Na Baba alibakisha neno.

Neno lenyewe alilisema barazani, baada ya alasiri, mbele ya watu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimekaa chumba cha juu nashona kofia, na dirisha letu liko juu ya baraza ile ile, kwa hivyo hapakuwa na jambo la wanaume wa mtaa ambalo sisi wanawake hatukulisikia. Baba alikuwa ameudhika. Tangu gari liingie nyumbani, baada ya kuvunja kizingiti cha ghala na kulipitisha likibakisha kiganja tu kila upande, ndugu zake walikuwa hawamwachi. Huyu amwambia auze wanunue lori, huyu amwambia alikodishe kwa watalii. Siku ile ami yangu Hamadi, mdogo wake Baba, alisema mbele ya watu kwamba fundi wa viti na gari kama lile ni kama kuku na kitabu. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alisema, "Nishuhudieni. Gari hili nimeliweka wakfu. Kila binti wa mtaa huu atakayeolewa, tajiri na maskini, atapelekwa kwa mumewe ndani ya gari hili, asikataliwe na asilipe. Na msimamizi na dereva wake ni mwanangu Athman, muda wa kuwa yu hai."

Maalim wa msikiti wetu, ambaye alikuwa akinywa kahawa, alikiweka kikombe chini. "Fundi, umefikiri? Wakfu si kanzu, useme leo navaa kesho navua."

"Nimefikiri."

"Na neno hilo, asikataliwe, umelikusudia?"

"Nimelikusudia, Maalim. Nikibakisha mlango wa kukataa, hawa ndugu zangu wataingilia mlango huo huo."

Ami Hamadi hakuweza kujizuia. "Gari la mabibi harusi lina milango miwili, Seif! Somo na ile mizigo yake ataingilia wapi? Dirishani?"

"Ataingia kwa adabu," Baba akamjibu, na baraza nzima ikaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichotia muhuri. Mama, aliyekuwa karibu yangu anachambua mchele, alitikisa kichwa. "Babako amefunga mlango na yeye mwenyewe yumo ndani," aliniambia. Nilidhani asema juu ya ami zangu.

Usiku wa siku ile ile, tulipokuwa tukila wali wa nazi na papa, Mama aliuliza kuhusu kioo. Kioo kipi? Kile cha juu, akasema, ambacho dereva huangalia nyuma. Mtoto wa watu amepambwa, amefunuliwa uso, na mwanamume wa kando anamtazama njia nzima, ndiyo wakfu gani hiyo? Baba alitafuna, akafikiri, na asubuhi yake akakata kitambaa cheupe, akakikunja pindo kama foronya, akakivisha kile kioo. Athman akabaki na vioo vya pembeni tu. Alilalamika kidogo, eti atagonga punda wa watu. Baba akamwambia punda wa Mombasa wana akili kuliko madereva.

Basi mwaka ule mzima nyumba yetu ilinuka udi na petroli. Ilikuwa furaha, siwezi kusema vingine. Watoto wa mtaa walilijua gari kwa mlio wake tangu kona ya msikiti. Binti wa muuza maji, ambaye babake hakuwa na hata kiti cha kukalisha wageni, alipelekwa ndani yake na vigelegele vikasikika mpaka bandari ya kale. Bi Mize, somo aliyewafunda na kuwasindikiza karibu mabibi harusi wote wa Kibokoni, mwanamke mnene, mwenye sauti na maneno, aligundua mapema kwamba kiti cha nyuma hakimwezi. Kile kiti ni chembamba kama kilichowekwa kwa ajili ya watoto au vikapu. Kwa hivyo ikawa desturi: Bi Mize mbele kando ya Athman, bibi harusi nyuma, na kando ya bibi harusi mimi, kwa sababu nilikuwa dada wa dereva na nilikuwa mwembamba. Nilishika marashi, nilishika pindo la buibui lisinase mlangoni, nilishika mkono wa yule binti kama alilia. Na gari, Mungu ashuhudie, lilikuwa likizimika. Si kila siku, lakini lilizimika. Lilizimika mbele ya soko, likazimika na binti wa muuza maji, na Athman alishuka, akafunua boneti, akafanya ayajuayo, likawaka.

Alasiri ambazo hapakuwa na harusi, ghala lile lilikuwa mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, na mimi na Zuhura tulikuwa tukishuka tukaingia kiti cha nyuma tukakaa. Nyumba yao iliangaliana na yetu, tulisoma chuo kimoja, na tangu utoto hatukuwa na siri. Tulikula achari ya embe humo, jambo ambalo Baba angelijua angetuchapa na ukubwa wetu. Athman alikuwa mbele, boneti imefunuliwa, nasi hatumwoni wala yeye hatuoni. Palikuwa na bati lote lile katikati. Na kwa kuwa hawakuonana, waliweza kusemezana. Sijui kama ningeweza kulieleza hili kwa wajukuu zangu, wanaoonana nyuso kwenye simu na mtu aliyeko Uarabuni. Kwetu, bati lile lilikuwa stara.

"Athman, gari lako laumwa na n'ni leo?"

"Lina kikohozi."

"Lipe tangawizi."

"Tangawizi nimeinywa mimi."

"Basi liache likohoe, na wewe ukohoe, tujue nani ataanza kufa."

Hayo ndiyo mapenzi yao, kama mtu ataka kujua. Sikusikia mengine. Siku moja tu, mvua ya vuli ikipiga bati la jirani, Athman alisema bila ya kuinua kichwa, "Aziza, mwambie rafiki yako mimi ndiye msimamizi wa gari hili. Bibi harusi wangu sitamweka nyuma na vikapu. Atapanda mbele." Mimi niliganda. Zuhura alikuwa na achari mdomoni. Aliitafuna, akaimeza, akalamba vidole kimoja kimoja, kisha akasema, "Mwambie ndugu yako huko mbele kuna jua." Akainamia magoti yake akacheka bila sauti mpaka kiti kikatikisika. Mimi nilijua kwamba ni ndiyo. Athman naye alijua, kwani tulisikia spana ikianguka.

Posa ilipelekwa baada ya Idi. Walikwenda Ami Hamadi na Maalim, kama ilivyo ada, na jibu lilikuja kwa heshima ile ile. Mzee Omar, babake Zuhura, alikuja mwenyewe nyumbani kwetu badala ya kutuma mtu. Alikaribishwa sebule ya chini, mlango wa pili na ghala, nami nikalala kifudifudi sakafuni chumba cha juu, sikio kwenye ufa kati ya boriti, na Mama hakuniambia niondoke. Alikuja akakaa kando yangu.

"Fundi Seif," alisema Mzee Omar, "mwanao ni mwanangu. Sina la kumtoa. Lakini binti ana mwenyewe. Mtoto wa ndugu yangu wa Ganjoni ametangulia kumtaja tangu msichana hajavunja ungo, na ndugu yangu hivi sasa hajiwezi, yu kitandani. Nitamwambiaje?"

Baba alisema hakuna la kumwambia. Mtoto wa ami ana haki yake. Alisema vizuri, bila uchungu. Nilisikia vikombe. Mzee Omar hakuondoka. Alikohoa, akauliza habari za Mbaraki, akauliza habari za ngozi. Kisha akasema, "Na liko jingine, nalo naona haya kulisema leo. Gari."

Nilisikia kikombe kikirudishwa siniani.

"Mabinti wote wa mtaa wamekwenda nalo," akasema. "Wangu akienda na gari jingine, watu watauliza kwa nini. Na wewe wawajua watu wetu. Wataanza kutafuta, na wakitafuta watapata hata ambalo halipo. Ni jina la mtoto, Fundi. Si gari." Miaka mingi nilijaribu kumchukia Mzee Omar sikuweza. Alikuwa amefikiri vizuri. Gari jingine lingekuwa tangazo. Dereva mwingine, na Athman mzima wa afya, lingekuwa tangazo kubwa zaidi.

Baba angeweza kusema nini? Asikataliwe, alisema mwenyewe, mbele ya baraza nzima. Nilimsikia akivuta pumzi, na nikajua kwamba anatafuta mlango katika neno lake na haupati. Mwisho alisema, "Mimi sina amri nalo. Msimamizi ni Athman. Mwiteni."

Athman aliitwa kutoka ghala. Hakuwa mbali, nadhani alikuwa amesikia yote. Aliingia, akamwamkia Mzee Omar kwa kumbusu mkono, na Mzee Omar akarudia ombi lake akiangalia jamvi. Ndugu yangu hakukawia. "Gari ni lenu, Mzee wangu," alisema. "Siku gani?" Mama kando yangu alijifunika uso kwa leso.

Usiku ule hakuna aliyekula. Baba alikuja juu akakaa kitandani, akamwambia Mama, "Nilitaka kumfungia Hamadi mlango." Mama akazima taa.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Alasiri tulikwenda kumchukua. Walimpamba hina na piko mpaka viwiko, asumini kichwani, na alipotoka mlangoni wanawake walikuwa wakipiga vugo na kuimba hata masikio yaliziba. Hakunitazama. Niliingia nyuma kwanza, yeye akafuata, na nilipomvuta buibui lisinase nilihisi mwili wake mzima uko baridi. Tukakaa pale pale tulipokuwa tukila achari. Bi Mize akajitia mbele, kiti kikalia, akageuka akasema, "Mwanangu, usikaze uso, utapasua wanja." Athman alikuwa amevaa kanzu mpya. Kitambaa cheupe kilikuwa kimefunika kioo, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Mkono wake ulishika gia, nami niliona kucha zake safi, bila ya grisi hata kidogo, na hilo ndilo lililonitoa machozi, si jingine.

Kutoka Kibokoni kwenda Ganjoni si safari. Ni kisiwa kidogo, mtu aweza kwenda kwa miguu kabla maji ya chai hayajapoa. Bi Mize alisema njia nzima. Alisema juu ya bwana harusi, kwamba ni kijana mpole anayefanya kazi katika ofisi za bandari, kwamba nyumba yao ina friji, kwamba mama mkwe ana ulimi lakini ana meno machache. Hakuna aliyecheka. Zuhura alikuwa ameshika mkono wangu, na nilikuwa nikitazama shingo ya ndugu yangu. Nikawaza: kushoto ni Ganjoni. Akinyoosha ni kivuko cha Likoni, na ng'ambo ya kivuko kuna barabara isiyokwisha. Niliwaza hivyo na nikaogopa, na sijui niliogopa nini zaidi, kwamba atanyoosha au kwamba atakata.

Tulipofika pale pa kukata, gari lilizimika.

Nyuma yetu msafara mzima ukasimama, magari yakapiga honi, wanawake wakadhani tumefika wakapiga vigelegele. Bi Mize alisema, "Lo! Na leo tena? Nuksi gani hii? Athman, tia moto." Athman hakugusa ufunguo. Alishuka, akazunguka mbele, akafunua boneti. Bati likapanda, tukawa hatumwoni.

Alikaa. Mimi najua kazi ya boneti ile, nimeitazama mwaka mzima, na kazi ile ina sauti. Kuna kugonga, kuna kupuliza, kuna kusonya. Siku ile hapakuwa na sauti. Wanaume wa magari ya nyuma walianza kushuka. Joto lilikuwa likitupika mle ndani, asumini zikaanza kunyauka, na Bi Mize alijipepea akaomba dua. Na Zuhura, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akasema kwa sauti yake ya kila siku, ile ya achari, "Aziza. Mwambie ndugu yako twende."

Kiti cha mbele kilikuwa kimembeba Bi Mize, sikuweza kutoka. Ilibidi nipaze sauti. Nilisema kupitia dirishani, mbele ya watu wote, "Kaka! Yuwasema twende."

Boneti ilishuka. Athman aliingia, akatia ufunguo, na gari likawaka mara moja, kama lililokuwa halina neno. Akakata kushoto. Mlangoni mwa wakwe Zuhura alishuka akapokewa, na Athman alikaa ameshika usukani akitazama mbele mpaka mlango ulipofungwa. Njia ya kurudi, Bi Mize alipokuwa amekwisha kushuka, sikuhamia mbele. Nilibaki nyuma.

Athman aliendelea kuwapeleka mabinti. Angefanyaje? Alinipeleka na mimi, mwaka uliofuata, na halikuzimika. Baadaye alioa mwanamke mwema wa Lamu, ambaye sasa yumo edani chumba cha pili, wakapata watoto, na nikisema hakuwa na furaha nitakuwa nimemzulia marehemu. Alikuwa na furaha. Alicheka sana na wanawe. Vipuri vya lile gari vilipokwisha duniani, na mabibi harusi wakaanza kukodi magari meupe marefu, hakuna aliyelidai tena, naye akawa analipangusa kila Alhamisi. Baba alipokuwa akifa alimwomba radhi. Nilikuwapo. Athman alimwambia, "Kwa lipi, Baba?" na Baba hakuweza kulitaja.

Basi siku ya khitma Zuhura aliniambia, "Nipeleke nikalione," na nikamchukua kwa ngazi za nyuma ili mjane asituone, si kwa ubaya, ila kila mtu na msiba wake. Wanaume walikuwa wamepanda juu kusoma. Nilifungua ghala. Harufu ya kafuri ilitupokea. Zuhura alisimama mlangoni, akavua viatu. Sikumwambia avue. Kisha akafungua gari, akavuta kishikio cha kiti cha mbele, akakilaza, na kabla sijamwambia kitu alikuwa ameinama anaingia nyuma, mwanamke mwenye magoti kama yake. Nikaingia nami. Tulijibana kama mahamri katika kikapu, kwani sote wawili tumenenepa sasa, Bi Mize angetucheka kaburini. Tulipokaa, kile kiti cha mbele kilirudi chenyewe kikafunga. Nilikisukuma. Hakikwenda. Chuma chake kimeshika kutu, na kishikio kiko upande wa nje.

"Tumekwama," nikasema.

"Naona."

Tulicheka, astaghfirullah, siku ya khitma. Tulicheka mpaka tukafuta macho, na yeye akaendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha. Kisha akasema, "Aziza, nataka kukuuliza, na unijibu kweli. Mume wangu Mungu amrehemu, hakunitendea baya. Siulizi kwa kujuta. Siku ile pale njia ya Ganjoni. Lilizimika, au alilizima?"

Nilijua anataka jibu gani. Au nilidhani najua, kisha nikaona sijui hata hilo. Huenda alitaka moja ili aendelee kuishi nalo, na huenda alitaka la pili ili aliweke chini. Nimelala na swali hilo mimi mwenyewe. Miaka yote tangu nirudi nyumbani nilikuwa na Athman nyumba moja, tukila sinia moja, na sikumuuliza. Sasa yuko mchangani, na hakuna wa kumuuliza tena.

"Sijui, Zuhura," nikamwambia. "Lilikuwa likizimika. Wallahi sijui."

Juu yetu zilisikika sauti za wanaume wakifunga dua, amina, amina. Nikaita. Nikaita tena kwa nguvu. Hawakusikia. Mbele yetu, juu, kitambaa cha Baba kilikuwa kingali kimekifunika kioo, kimegeuka rangi ya chai. Zuhura aliunyoosha mkono wake katikati ya viti, kama anayetaka kukivua. Mkono haukufika. Aliuacha hapo hewani, nami nikaunyoosha wangu, nikajisukuma mpaka mbavu zikauma. Wangu pia haukufika.

"Wacha," akasema.

Tukairudisha mikono yetu mapajani, tukakaa tukingoja mtu ashuke.